Hatua kali na za haraka si dawa ya kila mtambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya ukurasa wa sayansi na teknolojia iliyohusu mitambo inayojiendesha. Mwandishi wenu alieleza vizuri kazi ya sensa, yaani vifaa vya kupimia, na ya kompyuta, na nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likitenga ukurasa mzima kwa jambo hili. Ila alihitimisha kwa sentensi ambayo siwezi kuiacha ipite: kwamba mtambo huwa salama zaidi kadiri unavyorekebisha makosa yake kwa ukali na kwa haraka. Hilo si kweli. Wala si suala la maoni yangu na yake. Ni suala la hesabu, na msingi wa hesabu hiyo umejulikana kwa zaidi ya miaka 150.

Mimi ni fundi wa vidhibiti. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye vyumba vya udhibiti, mbele ya geji, vali na boila, na sasa nawafundisha vijana milinganyo ambayo sisi tuliijua kwa mikono kabla ya kuijua kwa kalamu. Nawaona wakifika darasani na imani ile ile iliyomo kwenye makala yenu, na najua inachukua muda gani kuwatoa humo.

Nianze na boila. Juu ya boila kubwa ya mvuke kuna dramu, pipa nene la chuma ambalo nusu yake ni maji na nusu ni mvuke. Kina cha maji kinatakiwa kibaki karibu na katikati. Kikishuka mno, mabomba yaliyo kwenye moto yanakosa maji na kuungua. Kikipanda mno, maji yanabebwa na mvuke hadi kwenye turbini na kuharibu mapanga yake. Sasa ngoja mahitaji ya mvuke yaongezeke ghafla. Shinikizo ndani ya dramu linashuka, viputo vilivyomo majini vinatanuka, na geji inaonyesha kina kinapanda. Maji yanatoka kuliko yanavyoingia, lakini geji inasema yamezidi! Mwenye haraka atabana vali ya maji, na baada ya muda mfupi viputo vikitulia kina kitaporomoka, tena kwa kishindo, kwa sababu yeye mwenyewe amekisaidia kuporomoka. Upande wa pili nao uko hivyo hivyo. Kina kikiwa chini ukaongeza maji, maji hayo yana baridi kuliko yaliyomo, viputo vinanywea, na kina kinashuka kwanza kabla hakijaanza kupanda.

Nakumbuka zamu moja ya usiku ambapo kijana mgeni kazini alikuwa anaendesha kwa mkono, kidhibiti kikiwa kimezimwa kwa matengenezo. Kina kilikuwa chini kidogo. Akafungua vali ya maji, kikashuka. Akafungua zaidi, kikashuka zaidi. “Mzee, kina kinakimbia!” alimwambia msimamizi wetu, mkono wake ukiwa tayari kuifungua vali yote. Msimamizi hakugusa kitu. Alimwonyesha geji mbili za pembeni, ya mvuke unaotoka na ya maji yanayoingia. “Mwanangu, maji yanayoingia yameshazidi yanayotoka. Toa mkono hapo, utulie.” Alitulia, japo kwa shida, na kina kikaanza kupanda chenyewe. Angefungua vali yote, dramu ingejaa mno dakika chache baadaye, na mvuke wenye maji ungekwenda moja kwa moja kwenye turbini.

Ndiyo maana boila kubwa hudhibitiwa kwa vipimo vitatu, yaani kina, mvuke na maji, wala si kwa kina peke yake. Na kwa mifumo ya aina hii, ambayo jibu lake la kwanza ni kinyume cha jibu lake la mwisho, nadharia ya udhibiti inathibitisha kwamba kasi ya marekebisho ina kikomo. Kompyuta ya haraka zaidi haikiondoi. Ukiongeza ukali kupita hapo, mfumo wote unayumba mpaka unaharibika. Mfano wa kutisha kuliko yote ni kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 waendeshaji walibonyeza kitufe cha dharura ili fito za udhibiti zishuke na kuuzima mmenyuko. Sehemu za chini za fito hizo zilikuwa za grafiti, na zilipoyasukuma maji yaliyokuwa chini ya kinu, ziliongeza nguvu hapo badala ya kuipunguza. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, lakini hiyo ni mojawapo: hatua kali na ya haraka, ambayo kwa sekunde zake za kwanza ilifanya kinyume cha ilichokusudiwa.

Huenda mwandishi wenu akasema hiyo ni mitambo migumu ya pekee. Basi tuchukue mlinganyo tofautishi, yaani mlinganyo unaoeleza kasi ya mabadiliko, ulio mdogo kabisa ninaoujua. Kuna kosa, tuseme tofauti kati ya kiwango tunachokitaka na kilichopo. Kidhibiti kinalipunguza kwa kasi inayolingana na ukubwa wake. Kosa likiwa kubwa, kinarekebisha sana. Likiwa dogo, kidogo. Jambo moja tu linaharibu raha: kipimo kinachelewa. Kidhibiti hakioni kosa la sasa, kinaona la dakika kadhaa zilizopita. Ukali tuuite k. Sasa zidisha k kwa muda wa kuchelewa, na namba utakayopata inaamua kila kitu. Ikiwa chini ya 0.37, kosa lililokuwa limetulia litafifia taratibu bila kuvuka kwenda upande wa pili. Ikiwa kati ya 0.37 na 1.57, kosa litayumba huku na huko, lakini kila myumbo utakuwa mdogo kuliko uliotangulia. Ikizidi 1.57, ambayo ni nusu ya pai, kila myumbo utakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, na kidhibiti chenyewe ndicho kitakachouvunja mtambo.

Tuiweke kwenye namba za kazini. Kipimo kinachelewa dakika 10. Ukirekebisha zaidi ya asilimia 15.7 ya kosa unaloliona kwa kila dakika, umeshavuka mpaka. Ukitaka kosa lisivuke kabisa upande wa pili, usizidi asilimia 3.7 kwa dakika. Kwa mtu aliyezoea kusoma habari za hatua kali, asilimia 3.7 inaonekana kama uzembe. Ndiyo kipimo sahihi. Na pale mpakani, mahali ambapo myumbo haukui wala haufifii, mzunguko mmoja huchukua muda mara nne ya ule wa kuchelewa. Kwa hiyo fundi anayeona mtambo wa aina hii ukipanda na kushuka kila dakika 40 anaweza kukisia, kabla hajafungua kifuniko chochote, kwamba mahali fulani kuna dakika 10 zinazopotea. Nimewaona mafundi wakibadilisha vali nzima, kumbe sensa imefungwa mbali mno chini ya bomba.

Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols walitoa kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo. Pandisha ukali polepole mpaka mtambo uanze kuyumba bila kukua wala kufifia, kisha rudi hadi nusu ya ukali huo. Nusu! Hawakusema asilimia 99. Nafasi iliyobaki ni kwa ajili ya yale usiyoyajua kuhusu mtambo wako: vali itakayochakaa, mafuta yatakayobadilika, sensa itakayoshika uchafu.

Elimu hii haikuja kwa wepesi. Mwaka 1788 James Watt aliiwekea injini yake ya mvuke gavana, yaani kidhibiti mwendo, ya mipira miwili inayozunguka. Injini ikienda kasi mipira inatanuka na kubana mvuke, ikipunguza mwendo inarudi na kuufungua. Kwa miaka mingi gavana hizo zilifanya kazi vizuri. Kisha mafundi wa karne ya 19 wakazichonga kwa ustadi zaidi, msuguano ukapungua, na jambo la ajabu likatokea: gavana zilizotengenezwa vizuri zaidi zikawa zinatulia vibaya zaidi, mwendo ukipanda na kushuka bila kikomo. James Clerk Maxwell, yule yule wa milinganyo ya umeme na sumaku, alilishughulikia mwaka 1868. Alionyesha kwamba kutulia kwa injini kunategemea mizizi, yaani majibu, ya mlinganyo mmoja wa aljebra, na kwamba mizizi yote lazima iwe na sehemu halisi iliyo hasi, maana hapo tu ndipo kila myumbo hufifia. Edward Routh mwaka 1877 na Adolf Hurwitz mwaka 1895 wakatoa njia za kulijua hilo bila hata kuutatua mlinganyo. Huko Urusi, Aleksandr Lyapunov aliandika tasnifu yake ya uthabiti mwaka 1892, na njia yake ndiyo tunayoitumia pale milinganyo inapokuwa si ya mstari, yaani pale tokeo lisipolingana na kisababishi chake.

Msomaji asiye na boila anaweza kulijaribu jambo hili mwenyewe. Asimamishe kiganjani fimbo ya mita moja, kisha ajaribu penseli ya sentimita 15. Fimbo itawezekana kwa mazoezi kidogo, penseli itaanguka kila mara. Macho na mkono wa binadamu huchelewa karibu sekunde 0.2 kuitikia. Ukiandika mlinganyo wa fimbo iliyosimama wima, utaona kwamba kuinama kwake hukua mara 2.7 katika kila sekunde 0.26, ilhali kwa penseli hilo hutokea katika kila sekunde 0.1. Katika muda ambao mkono bado haujaitikia, fimbo imeinama mara 2 hivi ya mwanzo, na penseli mara 7. Hakuna ukali wa mkono unaofidia hapo. Anayetaka kuisimamisha penseli apunguze kuchelewa, na macho yake hayawezi.

Haraka ina kikomo kingine, hata pale ambapo vipimo havichelewi na kompyuta ni kamilifu. Hiki kinatoka kwenye milinganyo ya vitu vinavyotandaa, kama maji ndani ya bomba au joto ndani ya chuma. Chukua bomba la chuma la kilomita 3 linalotoka kwenye tangi. Shinikizo husafiri humo kama wimbi, kwa kasi inayoweza kufikia mita 1,200 kwa sekunde. Ukifunga vali ya mwisho, habari hiyo inachukua sekunde 2.5 kufika tangini na sekunde 2.5 kurudi. Funga vali yote ndani ya sekunde hizo 5, na kwa vali hiyo ni sawa na kuifunga papo hapo. Kama maji yalikuwa yanakwenda mita 2 kwa sekunde, shinikizo litapanda kwa paskali milioni 2.4, karibu mara 24 ya shinikizo la kawaida la hewa. Nikolai Zhukovsky aliitoa hesabu hiyo mjini Moscow mwaka 1898, baada ya uchunguzi wa mabomba ya maji yaliyokuwa yanapasuka. Yeyote aliyewahi kusikia mshindo wa bomba baada ya vali kufungwa kwa pupa anajua ninachosema, maana sauti yake unaisikia kifuani.

Wanahisabati wameisukuma hoja hii mbali zaidi. Uzi uliofungwa upande mmoja na kushikwa upande wa pili unaweza kutulizwa kabisa, lakini si kabla ya wimbi kwenda mwisho na kurudi. Kabla ya muda huo kuna mitikisiko isiyotulizika kwa nguvu yoyote, hata ungekuwa na nguvu isiyo na kikomo, kwa sababu habari ya mkono wako bado haijafika kote. Jacques-Louis Lions wa Ufaransa aliijenga nadharia ya jambo hili kwa upana mwaka 1988. Mwaka 1992 Bardos, Lebeau na Rauch wakaonyesha sharti lake kwa vitu vyenye upana, kama bati au chumba cha sauti: kila njia ambayo wimbi linaweza kuifuata, pamoja na kugonga kingo na kurudi, lazima ipite mahali ulipoweka mkono wako ndani ya muda uliojipa. Njia moja ikikukwepa, udhibiti wako una tundu. Joto lina tabia nyingine kabisa. Kinadharia unaweza kulituliza kwa muda mfupi utakao, tena ukiwa umeshika sehemu ndogo tu ya kitu chenyewe. Ila gharama ya nguvu inapanda kwa namna inayotisha. Muda ukiwa mfupi, kuupunguza kwa nusu kunaipandisha gharama hadi takriban kipeo chake cha pili. Ilikuwa 1,000, sasa ni 1,000,000. Hapo haraka inaruhusiwa, lakini nani atailipia?

Sisemi kwamba upole ndio dawa. Ingekuwa rahisi hivyo tusingehitaji hisabati. Lev Pontryagin, mwanahisabati wa Moscow aliyepofuka akiwa na miaka 14 baada ya jiko kulipuka, aliongoza katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa kanuni ya kutafuta udhibiti bora kuliko wote. Ukiiuliza kanuni hiyo namna ya kukihamisha kitoroli kutoka hapa hadi pale kwa muda mfupi kabisa, kianze kimesimama na kimalizie kimesimama, inajibu hivi: sukuma kwa nguvu zote hadi katikati ya safari, kisha funga breki kwa nguvu zote hadi mwisho. Hakuna upole hata kidogo humo. Lakini jibu hilo linadai uijue hiyo katikati bila kosa na ugeuze papo hapo. Ukichelewa kidogo kitoroli kinapitiliza. Wakati huo huo Richard Bellman huko Marekani alilikabili swali upande wa pili. Usipange safari nzima mapema. Jua jambo bora la kufanya kutoka kila mahali unapoweza kujikuta. Mahali penye upepo na kelele, hiyo ndiyo njia inayofaa, maana mpango wa asubuhi haujui kilichotokea mchana.

Na kelele, yaani mitetemo ya bahati nasibu ndani ya vipimo, ipo kila mahali. Geji ya dramu haitulii hata boila ikiwa imetulia. Sindano inatetemeka kwa sababu maji yanachemka. Kidhibiti kikali hakijui tofauti kati ya mtetemo huo na kosa la kweli, kwa hiyo kinaifungua na kuifunga vali mchana kutwa, na vali inachakaa kabla ya wakati wake bila kurekebisha chochote. Hapa ndipo milinganyo tofautishi inapokutana na nadharia ya uwezekano, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Marekani, alitoa njia ya kuchanganya unachokitarajia kwa hesabu na unachokipima kwa sensa, kila kimoja kikipewa uzito kulingana na uaminifu wake. Stanley Schmidt na wenzake wa NASA waliifanyia marekebisho itumike kuviongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Kiini chake kinaonekana kwa vipimo viwili tu. Kimoja hukosea kwa kawaida sentimita 2, kingine sentimita 1, na makosa yao hayahusiani. Ukikipa cha kwanza uzito wa moja ya tano na cha pili nne ya tano, makosa ya mchanganyiko huwa karibu sentimita 0.9. Kipimo kibaya kimekisaidia kizuri. Mtambo unaotegemea sensa moja tu hauna bahati hiyo. Katika ajali mbili za ndege za Boeing 737 MAX, za Oktoba 2018 na Machi 2019, zilizoua watu 346, programu iliyokuwa ikiisukuma pua ya ndege chini ilisoma sensa moja ya pembe ya upepo, na sensa hiyo ilikuwa inasema uongo. Programu haikuchelewa. Ilichukua hatua, tena ikarudia.

Hapa nina ombi jingine kwa wahariri, kuhusu neno “kwa wastani”. Tuseme kuna kosa ambalo kila saa, kwa bahati nasibu, ama huzidishwa kwa 1.8 ama kwa 0.5, uwezekano ukiwa sawa. Wastani wa 1.8 na 0.5 ni 1.15, kwa hiyo kwa wastani kosa linakua asilimia 15 kila saa. Baada ya saa 100 wastani umekua zaidi ya mara 1,000,000. Lakini mtambo mmoja wa kawaida hupata takriban saa 50 za aina moja na 50 za nyingine, na 1.8 mara 0.5 ni 0.9, kwa hiyo baada ya saa hizo 100 kosa lake limebaki karibu nusu ya asilimia 1 ya lilivyoanza. Namba zote mbili ni za kweli. Karibu mitambo yote inatulia, na michache sana inalipuka kwa kiwango kinachoubeba wastani wote. Kiyosi Itô wa Japani ndiye aliyetupa, katika miaka ya 1940, hesabu ya kushika mambo haya pale bahati nasibu inapofanya kazi kila kitambo, na katika hesabu yake linajitokeza punguzo la nusu ya mraba wa ukubwa wa kelele, ambalo kalikulasi ya kawaida haina. Kutokana na punguzo hilo Rafail Khasminskii alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba kelele yenyewe inaweza kuutuliza mfumo ambao bila kelele usingetulia. Nilipolisoma mara ya kwanza sikulala mapema. Kwa hiyo mkiandika kwamba mtambo fulani ni salama kwa wastani, muulize pia mtambo mmoja mmoja unafanyaje, na ile michache inayopotoka inapotoka kwa kiasi gani.

Tena isidhaniwe kwamba elimu hii imekwisha na kazi iliyobaki ni ya kompyuta. Mwaka 1968 Hans Witsenhausen alitoa tatizo la vidhibiti viwili ambavyo cha pili hakijui cha kwanza kiliona nini. Linaandikika kwa mistari michache, kila kitu ndani yake ni rahisi, na jibu lake bora halijapatikana kwa kalamu hadi leo. Mwaka 1978 John Doyle aliuliza kama vidhibiti vilivyosifiwa kuwa bora kabisa vina uhakika wowote wa kustahimili makosa madogo ya hesabu ya mtambo. Muhtasari wa makala yake ulikuwa wa maneno matatu tu, ukisema hakuna uhakika wowote. Kijana wa Kiswahili anayependa hisabati anaweza kuingia kwenye maswali haya akiwa na daftari, na ningependa ayakute kwanza kwenye gazeti lake.

Ombi langu ni hili. Mwandishi wenu atakapoandika tena kuhusu gari, ndege au mtambo unaojiendesha, asiishie kwenye kasi ya kompyuta. Aulize mtambo unapima nini na kwa sensa ngapi. Aulize kipimo kinachelewa kiasi gani, na mkono wa mtambo una nguvu na kasi ya kiasi gani, kwa sababu huo nao una mwisho. Ndege ya kivita ya Gripen ya Sweden ilianguka mwaka 1989 na tena mwaka 1993, rubani na kompyuta wakidai vibawa vya kuiongoza vigeuke haraka kuliko vilivyoweza kugeuka. Aulize pia ni ukali gani umewekwa, na umebaki umbali gani kufika kwenye mpaka wa kuyumba. Mtengenezaji asiyeweza kulijibu hilo la mwisho kwa namba, habari yake ichapishwe hivyo hivyo, kwamba hakujibu.

Kama mwandishi ana shaka na ile 1.57, nitamwonyesha kwenye karatasi moja. Hahitaji zaidi ya sine na kosine za sekondari. Aweke kosine mahali pa kosa, aicheleweshe kwa robo ya mzunguko, atapata sine, na ukali wa mpakani utajitokeza wenyewe upande wa kulia wa mlinganyo.

Wako,
Fundi wa vidhibiti na mwalimu